Usilipie Neno: Vifaa vya Uashi na Majina Yake

(Hotuba ya fundi mmoja wa uashi wa parokia yetu mbele ya kamati ya ujenzi wa darasa la chekechea na viongozi wa vikundi vya akina mama, baada ya Misa ya Jumapili. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)



Baba Paroko, mwenyekiti wa kamati, mama viongozi wa vikundi, wazee na vijana mliobaki badala ya kukimbilia chakula, asanteni. Mimi si mtu wa hotuba. Nimeshika mwiko tangu mwaka 1979, na mkono uliozoea mwiko huwa mzito kwenye karatasi. Lakini mwenyekiti ameniomba niseme juu ya vifaa vya ujenzi na majina yake, kwa sababu mwezi ujao tunachimba msingi wa darasa la chekechea, na pesa tulizo nazo ni za harambee. Ni shilingi za watu wanaouza mboga na kuni.

Kabla ya Misa wengine mliniona nikitikisa chupa pale dirishani. Mtoto mmoja akaniuliza kama ni dawa ya kikohozi. Si dawa. Tutairudia baadaye, na tafadhali mtu asiiguse.

Mwaka 2011 niliitwa na mama mmoja mjane. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu, na zile pesa alizolipwa baada ya kifo chake alizijengea nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma. Nyumba ilikuwa na miaka miwili tu. Juu ya kila dirisha ukuta ulikuwa umepasuka, ufa unapanda kama ngazi. Chini, plasta ilikuwa inabambuka mpaka kimo cha goti, na ukigusa ukuta unahisi unyevu. Nikamwuliza, "Mama, fundi alikuwekea linta?" Akaingia ndani akaleta daftari la mtoto. Alikuwa ameandika kila kitu. Dipisii, roli moja. Linta, vyuma vya milimita 12 na simiti. Ringi bimu, vyuma tena na simiti tena. Yote alikuwa amelipa.

Nilichukua tindo na nyundo nikapasua plasta juu ya dirisha moja. Ndani nikakuta ubao wa mkaratusi. Linta yenyewe haikuwepo. Ringi bimu haikuwepo hata kidogo. Dipisii, sijui iliuzwa wapi. Mama akanitazama akaniuliza, "Baba, kwani ringi bimu ni nini?"

Jamani, huyo mama alikuwa anapika chai ya fundi kila siku saa nne. Alisimama pale pale akiangalia nyumba ikipanda. Hakuwa mjinga, hesabu zake zilikuwa safi kuliko zangu. Lakini alilipia neno. Neno alipewa, kitu chenyewe hakupewa. Nabii Ezekieli katika sura ya 13 anawasema watu wanaoupaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane mzima. Mimi nikisoma pale huwa naona dirisha la yule mama.

Na si pesa peke yake. Aprili 2016 nyumba ya orofa iliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, watu karibu hamsini wakafa. Septemba 2019 huko Dagoretti darasa liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na wasiopungua saba hawakurudi nyumbani. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi, maana sisi pia tunajenga darasa.

Basi tuanze chini kama fundi anavyoanza.

Msingi, ambao kwenye saiti mtausikia ukiitwa fandesheni, hauna kina cha kukariri. Unachimba mpaka upite udongo laini ufike udongo mgumu. Pale penye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, usijenge juu yake hata ukiambiwa ni sawa. Uchimbe utolewe wote. Ndani ya mtaro inamwagwa zege, kisha ukuta wa msingi unapanda mpaka juu ya ardhi. Katikati ya vyumba yanajazwa mawe makubwa yanayoitwa hadikoo, yanashindiliwa, halafu juu yake ndiyo slabu, yaani sakafu ya zege, unene usiopungua inchi nne. Fundi akikwambia "slabu" uliza unene. Akikwambia "hadikoo" nenda uone kama ni mawe au ni udongo mwekundu uliorushiwa mawe machache juu kwa ajili ya mgeni.

Na dipisii ni nini? Ni karatasi nzito nyeusi inayolazwa juu ya ukuta wa msingi kabla ukuta wa nyumba haujaanza. Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Tofali hunywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Bila hiyo karatasi, plasta itabambuka kila mwaka na utapaka rangi mpaka uchoke. Inalazwa siku moja tu, na siku hiyo ikikupita hutaiona tena, kwa hivyo mtu wa kamati awepo siku hiyo. Andikeni hilo.

Sasa simiti. Vitabuni inaitwa saruji, dukani simiti, ni kitu kimoja. Mfuko ni kilo 50. Juu ya mfuko kuna namba, 32.5 au 42.5. Hiyo namba ni nguvu inayopimwa baada ya siku 28. Ya 32.5 inatosha kwa kujengea matofali na kupiga plasta. Ya 42.5 ndiyo ya slabu, nguzo na bimu. Mtu akikuuzia moja kwa bei ya nyingine, umeibiwa mchana. Simiti iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kununuliwa itangulie kutumika. Mama mmoja ameniuliza leo asubuhi kuhusu ile mifuko minne iliyobaki tulipojenga chumba cha kwaya. Mama, nimeiangalia. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu inapungua, na ile imekaa mwaka na zaidi. Bonge likipondeka kwa vidole unaweza kuitumia kwa kazi ndogo kama njia ya kwenda chooni. Bonge likiwa gumu kama jiwe, hilo ni jiwe. Kwa darasa, hapana.

Watu wengi hufikiri simiti hukauka kama udongo unavyokauka. Sivyo. Simiti inashikana na maji, inayahitaji ili iwe ngumu. Kwa hivyo makosa ni mawili na yote ni ya maji. La kwanza ni kutia maji mengi wakati wa kuchanganya ili kazi iwe nyepesi. Zege ikiwa kama uji itakuwa dhaifu, kwa sababu yale maji ya ziada yakitoka yanaacha vitundu. La pili ni kuinyima maji baadaye. Slabu iliyomwagwa Jumatatu inatakiwa imwagiliwe asubuhi na jioni, na mchana pia jua likiwa kali, siku 7 zisipungue, na ifunikwe kwa magunia au majani ya ndizi. Hii ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote kwenye mjengo, na ndiyo inayoachwa kila mara, maana fundi ameshalipwa na ameenda. Hii kazi vikundi vya akina mama mnaweza kuichukua kwa zamu. Ndoo mnazo na kisima kipo.

Kuchanganya kuna kipimo, fundi anaita resho. Moja kwa nne, maana yake kipimo kimoja cha simiti na vinne vya mchanga. Lakini kipimo cha nini? Hapo ndipo watu wanapotea. Mfuko mmoja wa simiti unajaa karibu lita 35. Debe ni lita 20. Kwa hivyo moja kwa nne ni mfuko mmoja na madebe 7 ya mchanga. Moja kwa sita ni mfuko na madebe kumi na nusu. Mota ya kujengea ukuta iwe katikati hapo, isizidi moja kwa sita. Zege ya slabu na bimu ni moja, mbili, nne: mfuko mmoja, madebe matatu na nusu ya mchanga, madebe 7 ya kokoto, ambazo wengine wanaziita balasti. Afadhali hata kuliko debe, mwambieni seremala atengeneze sanduku lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo linabeba lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja. Mkihesabu kwa beleshi mtadanganyika, maana beleshi la asubuhi si sawa na beleshi la saa tisa mtu akiwa na njaa.

Hapa niwaambie langu. Mwaka 1984 nilikuwa najenga duka sokoni, nikiwa bado kijana. Mota ilibaki kwenye karai tulipoenda kula. Tuliporudi ilikuwa imeanza kushika. Nikamwambia mtu wa mkono aongeze maji, aikoroge, tukaendelea. Ilikuwa laini tena, nzuri kabisa kwa macho. Baada ya mwaka mwenye duka akaniita akanionyesha kona ile. Alikuwa anaichimba mota kwa msumari na inatoka kama unga wa mahindi. Nilibomoa kosi tisa nikazijenga tena kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo huchanganya ile itakayoisha ndani ya saa moja tu. Mkiona fundi anamwagia maji mota iliyolala, msimwonee haya.

Matofali sasa. Sisi huku tunachoma, na kila mtu anajua tanuru la jirani yake. Tofali zuri lina rangi sawa mpaka ndani. Chukua mawili uyagonganishe. Likilia kama kengele, limeiva. Likitoa sauti ya ubao, halikuiva. Liinue mpaka kifuani uliachie lianguke juu ya udongo mgumu, lisivunjike. Likwaruze kwa ukucha, lisiache alama. Lilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi liwe bado tofali. Fanyeni hivyo kwa matofali matano ya juu ya tanuru, matano ya katikati na matano ya pembeni, kwa sababu ya pembeni ndiyo mabichi, nayo ndiyo mchuuzi anayapanga chini ya lori.

Najua kuna swali la kuni. Tanuru linakula miti, na vilima vyetu tunaviona. Yako matofali yasiyochomwa, ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo na kubanwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa huko Kolombia katika miaka ya 1950 na imefika kwetu siku nyingi. Mimi nayapenda, lakini yanataka udongo uliopimwa na yamwagiliwe vizuri kabla ya kujengea. Kwa darasa hili matofali tumeshanunua. Kwa jengo lijalo kamati ifikirie.

Kabla ya kujenga, tofali la kuchoma lichovywe majini mpaka lisitoe mapovu tena. Tofali kavu linanyonya maji ya mota, na mota iliyonyonywa haishiki. Mkifika saiti mkaona matofali makavu yanawekwa saa sita jua kali, ulizeni ndoo iko wapi.

Mstari mmoja wa matofali unaitwa kosi. Kosi ya kwanza ikikosea, zote zitafuata. Nafasi ya mota kati ya tofali na tofali ni jointi, na isizidi unene wa kidole, karibu sentimita moja. Jointi nene ni fundi anayeficha matofali yaliyopinda. Tofali likilala kwa urefu wa ukuta tunasema strecha. Likiingia kichwa mbele, upana wa ukuta wote, ni heda. Ukuta wa strecha tupu ni nusu tofali, unafaa kugawa vyumba. Ukuta wa nje wa darasa letu ni wa tofali zima, na hapo kosi moja ni strecha mbili sambamba na kosi inayofuata ni heda. Kushikana huko kunaitwa bondi. Sheria yake moja tu: jointi ya kusimama isikae juu ya jointi ya kusimama. Simama mbali utazame ukuta. Ukiona mstari umenyooka kutoka chini kwenda juu, ule ni ufa unaosubiri mvua. Ndiyo maana kwenye kona utaona fundi anapasua tofali kwa urefu na kuweka kipande chembamba karibu na heda ya kwanza. Wazee waliotufundisha walikiita kwini. Haharibu tofali, anahamisha jointi.

Kwa hesabu ya kununua, matofali yetu ya inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3 yanaingia karibu 50 kwenye mita moja ya mraba ya ukuta wa nusu tofali, na karibu 100 kwenye ule wa tofali zima. Toeni milango na madirisha, ongezeni kidogo kwa yatakayovunjika. Fundi akiitisha mara mbili ya hapo, muulizeni anajenga nyumba ya nani nyingine.

Vyombo nitapita haraka kwa sababu mnavijua kwa macho. Mwiko, karai, beleshi, uzi wa kunyoosha kosi. Pima maji ni ya kulaza. Timazi, lile jiwe au risasi linaloning'inia kwenye kamba, ni la kusimamisha, na Amosi aliliona katika maono sura ya 7, kwa hivyo si chombo cha kisasa. Kupeleka usawa kutoka kona moja hadi nyingine ya jengo, hakuna kinachoshinda mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Maji hayali rushwa. Na kona ikae mraba: pima mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kati ya hizo ncha mbili ipatikane 5. Ikiwa 5 na kitu, au 5 kasoro, kona imepinda. Hata mwanafunzi wa shule anaweza kuikagua hiyo kwa futi kamba.

Nirudi kwa yule mjane, maana sijamjibu mbele yenu. Linta ni bimu fupi ya zege yenye vyuma juu ya mlango au dirisha. Inabeba matofali ya juu ili uwazi usiyabebe. Ipite uwazi kila upande, sentimita 20 hivi, iingie ukutani. Ringi bimu ni hiyo hiyo lakini inazunguka nyumba nzima bila kukatika, kama mshipi kiunoni, inazuia kuta zisiachane. Mkitaka mnaweza kuifanya linta na ringi bimu kitu kimoja, kwa kimo kimoja, na sisi tutafanya hivyo. Ndani yake vyuma vinne vya milimita 12, viwili chini viwili juu, vimefungwa kwa ringi ndogo za chuma. Kabla zege haijamwagwa vyuma vyote vinaonekana. Mtu wa kamati avihesabu kwa kidole. Avipime pia, kwa sababu siku hizi chuma chembamba kinauzwa kwa jina la kinene. Mita moja ya chuma halisi cha 12 ina uzito wa gramu 888. Kata kipande cha mita moja, nenda kwa mwenye duka la sukari, weka kwenye mizani. Ikija 700, rudisha.

Nyumba ya mama tuliirekebisha tulivyoweza. Tulitoa mbao, tukamwaga linta, dirisha moja moja, nguzo za mti zikiwa zimeshikilia ukuta. Ringi bimu haikuwezekana bila kufungua paa, na pesa hakuwa nayo. Bado anaishi humo. Mvua kubwa ikinyesha huwa namfikiria.

Imebaki chupa. Ileteni sasa, polepole, isitikisike.

Ijumaa lori la kwanza la mchanga lilimwagwa nyuma ya kanisa, mmeliona. Nilichota konzi kadhaa kutoka pande tatu za lundo, nikatia kwenye chupa hii pamoja na maji na chumvi kidogo, nikatikisa kabla ya Misa. Ni zaidi ya saa tatu sasa. Mchanga ni mzito umekaa chini, na tope limelala juu yake. Tope likiwa sehemu moja katika kumi na mbili ya mchanga, unajengea. Likizidi hapo, linazuia simiti isishike chembe za mchanga, na mota yako ni ile ya msumari niliyowaambia. Kuchekecha hakusaidii, chekeche inatoa mawe, tope linapita. Lazima uoshwe au ubadilishwe.

Katekista, weka rula hapo usome kwa sauti. Mchanga sentimita 12. Na tope? Sentimita mbili na nusu.

Mwenyekiti, tafadhali mpigie mwenye lori kabla hajaleta safari ya pili kesho. Na wewe mama katibu andika kwenye daftari la kamati: mchanga, lori moja, umekataliwa, tope.